Kurudi kazini na mtoto wa miezi mitatu: jipange hivi, hatua kwa hatua

Wamama wenzangu, na nyie wadada mnaotarajia, naandika hili kirefu mana haipiti miezi miwili bila mtu kunifata kuniuliza "dada we uliwezaje", na mi kila nikijibu kwa meseji naishia nusu. Mimi ni mhasibu, nakaa Mbezi Mwisho, kazi iko Posta, nina watoto wawili. Wa kwanza nilirudi kazini hovyo kabisa, maziwa yakakata akiwa na miezi minne, nikalia sana na kujiona mama mbaya. Wa pili kanyonya mpaka miaka miwili na kazi sikuacha. Watu wanadhani wa pili nilikuwa na bidii zaidi lakini hapana, kwa wa kwanza ndo nilihangaika mno, ila nilianza kupanga zikiwa zimebaki siku nne likizo iishe. Kwa wa pili nilianza tumbo likiwa na miezi mitano. Kwaiyo kama una mimba sasa hivi na unasoma hapa, umewahi, anza leo.

Hatua ya 1: hesabu siku zako kabla hujaandika barua

Kwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa mpigo ni siku 100. Siku 84 ni wiki 12. Ila sasa tuliza akili hapa: sheria inakuruhusu kuanza likizo hata wiki 4 kabla ya tarehe ya kujifungua, na wengi tunaondoka mapema sababu miguu imevimba na daladala hazipandiki, alafu mtoto anakuja tarehe yake na wewe wiki 4 zimeshaliwa, unabaki na wiki 8 tu za kukaa nae. Kwa wa kwanza ndo ilinikuta hivyo. Kama afya inaruhusu na daktari hana neno, fanya kazi mpaka karibu. Kama afya hairuhusu basi pumzika, usijiue, ila jua hesabu yako imebaki ngapi.

Likizo ya mwaka ni siku 28. Hizi wengi tunazimaliza kwenye harusi na misiba alafu tukijifungua hatuna kitu. Zitunze, omba mapema uziunganishe mwishoni mwa likizo ya uzazi, 84 jumlisha 28 unapata 112, hizo ni wiki 16. Mtoto wa wiki 16 na mtoto wa wiki 8 ni watu wawili tofauti jamani. Huyu wa wiki 16 shingo imekaza, analala kwa mpangilio kidogo, chanjo za wiki ya 6, 10 na 14 zote ameshamaliza ukiwa nyumbani. Muajiri halazimiki kukupa siku 28 tarehe unayotaka wewe, ndo mana nasema omba mapema, kwa adabu na kwa maandishi.

Kingine ambacho wengi hawakijui mpaka kiwakute: mzunguko wa likizo hii ni miezi 36. Yaani ukijifungua tena ndani ya huo mzunguko muajiri anaweza kukwambia siku zako za malipo ulishazitumia. Na mama aliyerudi kazini asitegemee kunyonyesha kama uzazi wa mpango, ile njia inataka mtoto awe chini ya miezi 6, hedhi haijarudi, na ananyonya kila mara mchana na usiku bila kupitisha masaa mengi, sasa we umekaa Posta siku nzima hiyo haipo tena. Ukienda kliniki muulize nesi njia inayofaa anayenyonyesha kabla hujarudi kazini.

Hatua ya 2: ofisini kila kitu kwa maandishi

Toa taarifa angalau miezi 3 kabla ya tarehe ya kujifungua, ambatanisha cheti cha daktari. Sheria ndo inavyotaka hivyo. Usiseme "bosi anajua, tumbo si analiona".

Sasa barua ya pili ndo ya muhimu zaidi na ndo hiyo wengi hatuiandiki. Sheria hiyohiyo inasema mama anayenyonyesha aruhusiwe muda wa kunyonyesha ndani ya saa za kazi, usiozidi masaa mawili kwa siku. Mawili! Mi kwa mtoto wa kwanza sikujua, na ofisi niliyokuwepo wakati ule hakuna aliyeniambia, nikawa naomba ruhusa ya kutoka mapema kama naomba msaada wa kibinadamu, siku nyingine nakubaliwa siku nyingine naangaliwa jicho baya. Kumbe ni haki yangu.

Ila kwa Dar, fikiria, utoke Posta uende Mbezi ukanyonyeshe urudi? Masaa mawili yanaishia Ubungo. Kwaiyo omba yapangwe kwa namna inayokufaa: utoke saa 9 alasiri badala ya saa 11 jioni, au uchelewe kuingia saa moja na uwahi kutoka saa moja. Mi nilichukua ya saa 9 mana ukitoka saa 9 foleni bado haijachanganya, saa 10 na nusu niko nyumbani, ukitoka saa 11 unafika saa 1 usiku mtoto ameshalia mpaka kachoka. Barua yangu ilikuwa mistari mitano tu, niliitaja sheria kwa jina, nikaweka muda ninaoomba na nani atashika kazi zangu za mwisho wa siku. Usiandike kwa hasira. Iandike ukiwa bado una mimba, waombe wakujibu kwa maandishi, nakala ibaki kwako.

Wenzangu wa zamu za usiku, manesi na wa hotelini na viwandani, nyie mjue hairuhusiwi kumpangia mama kazi ya usiku miezi miwili ya kwanza baada ya kujifungua, labda mwenyewe aombe na awe na cheti cha daktari. Na ukimaliza likizo unarudi kwenye kazi yako kwa masharti yaleyale. Ikitokea umeachishwa kwa sababu ya mimba au uzazi, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na usikae nyumbani ukilia miezi miwili mana una siku 30 tu za kupeleka lalamiko la kuachishwa kazi.

Hatua ya 3: nani anabaki na mtoto

Hapa ndo penyewe. Usipotulia hapa hata upewe ofisi yenye kiyoyozi na kiti cha kuzunguka, akili yako itakuwa nyumbani.

Kama kuna bibi mwenye nguvu na aliye tayari, muombe miezi mitatu ya mwanzo. Muombe kwa heshima, mlipie nauli, muandalie chumba, na umuulize ana dawa gani anakunywa, usimlete mama wa watu kutoka kijijini ukamgeuza mfanyakazi. Mama mkwe wangu alikuja wiki 10 na nitamshukuru mpaka nakufa. Tulikwaruzana kwenye kitu kimoja, uji. Yeye alilea watoto sita na wote walianza uji miezi mitatu, akaniona namnyima mjukuu chakula. Sikubishana nae, nilimuomba twende wote kliniki, nesi akamueleza mwenyewe kwa upole kwamba miezi 6 ya kwanza ni maziwa ya mama tu hata maji hapana. Tulivyorudi akawa yeye ndo mlinzi, jirani akileta kijiko cha maji anamfukuza.

Kama ni dada, chukua mtu mzima, aliyevuka miaka 18. Mtoto wa miaka 14 kumuachia kichanga ni kuwaonea wote wawili. Mlete mwezi mzima kabla hujarudi kazini, sio wiki moja. Wiki ya kwanza afanye kazi za nyumba tu na we uko na mtoto, ya pili aanze kumuogesha ukiwa umekaa pembeni, ya tatu utoke masaa mawili, ya nne utoke nusu siku. Hela ya huo mwezi wa ziada inauma naijua, mi niliitoa kwenye mchezo wa ofisini, nilipanga zamu yangu iangukie mwezi huohuo. Mkubaliane mshahara, siku ya kulipwa na siku ya kupumzika kabla hajafungua begi. Mlipe kwa tarehe. Asile makombo. Mtu unayemuachia roho yako kuanzia saa 11 na nusu alfajiri alafu unamcheleweshea mshahara wiki mbili, unategemea nini?

Vituo vya kulelea watoto mchana vipo, waulize leseni yao kutoka ustawi wa jamii, na nenda bila taarifa saa 6 mchana uone watoto wamelala wapi, mhudumu mmoja ana watoto wangapi, choo kikoje. Wengi hawapokei wa miezi mitatu. Jirani anayelea watoto nyumbani nae sio vibaya kama unamfahamu vizuri na hana watoto wengi kuliko mikono yake.

Hatua ya 4: anza kukamua wiki tatu kabla

Kwanza hesabu ya kiasi, mana hapa ndo watu wanaingiwa hofu bure. Mtoto wa mwezi 1 mpaka 6 anayenyonya tu anakunywa wastani wa mililita 750 kwa masaa 24, kwaiyo weka kama mililita 30 kwa kila saa usiyokuwepo. Mi nilikuwa natoka saa 11 na nusu alfajiri narudi saa 10 na nusu jioni, masaa 11, ni kama mililita 330. Nilikuwa naacha vikopo vinne vya mililita 80 au 90. Huhitaji kujaza friza maziwa kama unafungua duka.

Kamua asubuhi baada ya mtoto kunyonya, ndo muda maziwa yanakuwa mengi. Kama una pampu sawa, kama huna mkono unatosha, mi pampu yangu iliharibika mwezi wa pili nikaendelea na mkono. Nawa mikono kwa sabuni, kanda ziwa taratibu kwa kuzungusha vidole, kisha weka kidole gumba juu na vidole vingine chini, mbali kidogo na chuchu kwenye ukingo wa ile sehemu nyeusi. Sukuma kwanza kurudi kifuani, alafu ndo ubane, achia. Sukuma, bana, achia. Usivute chuchu, itachubuka na maziwa hayatoki. Dakika moja mbili za mwanzo yanadondoka tone tone unaona kama huna kitu, tulia, yakishuka yanaruka yenyewe. Siku ya kwanza nilipata kijiko kimoja, siku ya nne nusu kikombe cha kahawa.

Kutunza: vyombo vioshwe kwa sabuni vichemshwe. Kila kikopo kiandike tarehe. Nje ya friji ni masaa 4 kama joto halizidi nyuzi 25, na Dar hii kuanzia Desemba mpaka Machi mchana hizo nyuzi 25 hatuzijui, kwaiyo usiyaache mezani kabisa, yaingie kwenye friji au kwenye deli lenye barafu muda uleule. Friji siku 4. Friza inayojitegemea mpaka miezi 6, ila kile kifriza kidogo ndani ya friji la mlango mmoja mi nilikuwa nahakikisha yanaisha ndani ya wiki mbili. Yakishayeyuka tumia ndani ya masaa 24 na usiyagandishe tena. Umeme ukikatika, marufuku kufungua friza kuchungulia.

Hatua ya 5: mfundishe anayebaki, kwa vitendo

Nitawapa kisa. Wiki ya kwanza ya kurudi kazini kwa mtoto wa pili nilikamua, nikaacha vikopo vinne kwenye friji, nikaenda. Saa 5 dada ananipigia, "mama, maziwa yote yameharibika nimemwaga". Yote. Nikaishiwa nguvu pale mezani. Kumbe maziwa ya mama yakikaa kwenye friji yanajitenga, juu linakaa tabaka zito la njano kama siagi, chini panabaki maji ya rangi kama ya bluu hivi. Hajawahi kuyaona maishani, kosa lilikuwa langu, nilimwambia mtoto anakula saa ngapi nikasahau kumwonyesha maziwa yenyewe yakoje.

Kwaiyo kaa nae jikoni, mfanye pamoja zaidi ya mara moja. Kikopo kinawekwa ndani ya bakuli la maji ya moto, hakibandikwi jikoni, hakiingii maikroweve. Kinazungushwa taratibu mafuta yachanganyike. Dondoshea mkononi, yawe vuguvugu. Alichobakiza mtoto kama masaa mawili yamepita kinamwagwa, hakirudi friji. Yaliyokamuliwa mwanzo ndo yanatumika mwanzo.

Mi nilitumia kikombe kidogo badala ya chupa, manesi wa kliniki ndo walinishauri, kikombe ni rahisi kuosha na mtoto hachanganyi chuchu. Mtoto akae wima kidogo mapajani, ukingo wa kikombe uguse mdomo wa chini, maziwa yafike mdomoni tu, yeye mwenyewe ataramba na kunywa. Asimiminiwe. Na wewe mama ondoka chumbani, mtoto akisikia harufu yako kikombe hakitaki. Wangu alikataa siku tatu, ya nne akakubali kwa bibi yake huku mi nimejificha kwa jirani.

Hatua ya 6: rudi siku ya Alhamisi

Kama unaweza kuchagua, usianze Jumatatu. Anza Alhamisi, ufanye siku mbili, alafu una wikiendi ya kurekebisha yaliyokwama. Na wiki moja kabla fanya jaribio kamili: amka saa 10 na nusu, jiandae, toka, panda gari mpaka kazini kwenyewe, salimia watu, kaa mahali mpaka muda wako wa kutoka, rudi. Hapo ndo utajua deli lako linaingia kwenye mwendokasi au halipiti.

Hatua ya 7: ukiwa kazini

Tafuta chumba kabla hujarudi. Choo sio mahali pa kukamulia chakula cha mtu, nilifanya hivyo kwa wa kwanza, nimesimama, mlango unagongwa, maziwa yanagoma, na ndo hivyohivyo yalivyoanza kupungua. Omba stoo, chumba cha swala wakati hakuna mtu, chumba cha mikutano, chochote chenye komeo. Mara tatu kwa siku kwangu ilitosha, saa 3, saa 6, na saa 8 na nusu kabla ya kutoka, robo saa kila mara. Iweke kwenye ratiba kama mkutano. Ukiruka mara moja kifua kinajaa, ukiruka kila siku mwili unaelewa maziwa hayatakiwi. Ziwa likiwa gumu, jekundu, na una homa na kutetemeka, nenda hospitali siku hiyohiyo na usiache kunyonyesha. Beba khanga na blauzi ya akiba, vaa nguo za maua au za rangi nzito mana yakidondoka kwenye blauzi nyeupe kila mtu anaona.

Kuhusu kazi yenyewe: miezi mitatu ya kwanza nilijipangia nifanye yale ya lazima vizuri, kufunga hesabu za mwezi, ripoti, basi. Tarehe za kufunga hesabu nilimpa mume wangu mwanzoni mwa mwezi ili siku zile mbili tatu yeye awahi nyumbani. Mitihani ya NBAA, bodi yetu ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, iko Mei na Novemba, mwaka ule niliiacha ya Mei nikafanya ya Novemba. Sikuona aibu. Nilimwambia bosi mapema "nimeahirisha, sijaacha", mana ukikaa kimya watu wanakuandikia wenyewe kwamba huyu sasa ni mama kazi basi, na nafasi zikija jina lako halitajwi.

Hatua ya 8: jioni, usiku, na baba

Ukifika nyumbani nawa, vua nguo za barabarani, kaa chini unyonyeshe kabla hujagusa sufuria. Usiku lala nae karibu mana atanyonya sana kufidia mchana, utachoka, lakini huo unyonyaji wa usiku ndo unaoshikilia maziwa yasikate.

Baba kisheria ana siku 3 za likizo mtoto akizaliwa, ni chache, kwaiyo mchango wake mkubwa unakuja sasa. Usimwambie "nisaidie", mgawanye kazi kwa majina. Kwetu yeye ni vyombo vya maziwa kuosha na kuchemsha kila usiku, kubadilisha barafu za deli, na kumlipa dada kwa tarehe. Siku nikichelewa kwa foleni hakuna anayenipigia kuuliza kikopo kiko wapi, anajua.

Na kalenda ya kliniki ibandike ukutani jikoni pande zote muione. Kupima uzito kila mwezi, uji unaanza miezi 6 ikitimia, chanjo ya surua mwezi wa 9 na nyingine mwezi wa 18. Hizo za 9 na 18 ndo zinasahaulika mana ushazama kazini, mi ruhusa ya siku hizo niliiomba zote mbili wiki ileile niliyorudi.